Saa ya Kusoma: Mwongozo Kamili kwa Shule ya Msingi Yenye Watoto wa Gredi ya Nne Wasiojua Kusoma

Shule za umma za mitaa kama Nyalenda na Manyatta mjini Kisumu, Kaptembwa na Rhonda mjini Nakuru, na za vijiji vya Nyando, Butere na Busia, zina tatizo moja linalofanana. Mtoto yuko gredi ya tano, anabeba vitabu vya gredi ya tano, lakini aya ya gredi ya pili inamshinda. Walimu wanajua. Wengi wamejaribu masomo ya ziada, yakaanza kwa kishindo Januari na kuzimika kabla ya likizo ya Aprili.

Yanazimika kwa sababu zile zile. Watoto wanapimwa, matokeo yanaandikwa vizuri, kisha wanarudishwa kwenye somo lile lile lililowashinda. Kundi la chini kabisa linapewa mtu asiye na uzoefu. Na kipindi cha ziada kinageuka marudio ya silabasi, hivyo anayefaidika ni yule ambaye tayari alikuwa anasoma.

Mwongozo huu unahusu kazi moja: kutenga saa moja kila siku ambapo watoto wa gredi ya tatu hadi ya sita wanaacha madarasa yao na kukaa kulingana na wanachoweza kusoma, kwa Kiswahili, kwa siku 40 za shule. Tunaanza na Kiswahili kwa sababu tahajia yake inafuata sauti. Mtoto akishika silabi, anaweza kusoma neno lolote, hata asilowahi kuliona. Kiingereza hakimpi nafasi hiyo, na mtoto aliyekwisha kusoma Kiswahili hukiendea Kiingereza bila woga.

Utakavyohitaji

Hesabu hii ni ya shule yenye watoto 320 katika gredi hizo nne na walimu wanane. Punguza au ongeza kulingana na shule yako.

Karatasi za kipimo, matoleo mawili tofauti, nakala 8 za kila toleo. Zifunike kwa nailoni ngumu, maana zitapita mikono mingi.

Chati ya silabi kwa kila kundi la chini, iliyoandikwa kwa maka kwenye karatasi mbili za manila zilizounganishwa. Herufi ziwe na urefu wa sentimita 5 au zaidi ili mtoto wa dawati la nyuma aone. Kama darasa lina ukuta laini, chora chati moja kwa moja ukutani kwa rangi. Haitaibwa wala kuliwa na mchwa.

Vipande vya silabi vilivyokatwa kwenye katoni, sentimita 6 kwa 6. Seti moja ni ya watoto watano na ina vipande 60: silabi 40 za konsonanti nane za mwanzo, irabu tano mara mbili, na nakala kumi za ziada za silabi kama ma, ka, ku, ki na ta. Usizisahau hizo za ziada. Bila ku ya pili, watoto hawawezi kuunda neno kuku, na mchezo unakwama dakika ya kwanza. Kundi la watoto 30 linahitaji seti sita.

Chaki kwa wingi, daftari moja kubwa kwa kila kundi, bahasha za kuhifadhia vipande, na hadithi fupi zilizonakiliwa kwa mkono, moja kwa kila watoto wawili.

Usianze kwa kununua vitabu vya kiada. Utafiti uliofanywa katika shule za Busia na Teso uligundua kwamba kugawa vitabu kuliwainua tu watoto waliokuwa tayari wanafanya vizuri. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza na juu ya uwezo wa wengine wote. Mgao wa serikali ni shilingi 1,420 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, mara nyingi unachelewa, na katoni na maka zitakufikisha mbali zaidi kuliko vitabu vya ziada.

Pia usiwatoze wazazi hata shilingi kumi. Elimu ya msingi katika shule ya umma ni ya bure kisheria, na ukianza kutoza, mtoto wa kwanza kukosa atakuwa yule uliyeanzisha saa hii kwa ajili yake.

Hatua ya 1: Tafuta saa kwenye ratiba

Saa hii iwe ndani ya siku ya kawaida ya shule, na iwe ile ile kwa gredi zote nne. Hapa ndipo shule nyingi hukosea kabla hata hazijaanza. Gredi ya tatu ikisoma asubuhi na ya tano jioni, huwezi kuwachanganya watoto, na kuwachanganya ndiyo kazi yenyewe.

Wakati unaofaa ni kabla tu ya chakula cha mchana, kwa mfano saa tano na nusu hadi saa sita na nusu. Usiweke kabla ya saa mbili asubuhi. Wanaochelewa ni wale wanaochota maji na kuwapeleka wadogo zao chekechea, na hao ndio hasa unaowatafuta. Usiweke alasiri pia kama watoto wanaenda nyumbani mchana, kwa kuwa anayekuta jiko baridi mara nyingi harudi.

Kwa kawaida utaunganisha kipindi cha Kiswahili na sehemu ya kipindi kingine. Mwalimu wa somo litakalopoteza dakika atalalamika, na ana haki. Mweleze ukweli: mtoto asiyesoma hapati chochote katika Sayansi au Masomo ya Jamii, hata ukimpa vipindi viwili zaidi.

Mwalimu mkuu apeleke jambo hili kwenye kikao cha bodi ya shule liandikwe kwenye kumbukumbu, na amjulishe afisa wa mitaala wa eneo. Akipita siku moja akute gredi ya sita imekaa na gredi ya tatu bila maelezo, mradi wote unaweza kusimamishwa.

Onyo: usiihamishie kazi hii likizoni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya likizo.

Hatua imefaulu ikiwa ratiba mpya imebandikwa ofisini, kengele ya saa hiyo inajulikana, na hakuna mwalimu aliyepangiwa kitu kingine wakati huo.

Hatua ya 2: Mpime kila mtoto peke yake

Fanya hivi wiki ya pili ya muhula. Wiki ya kwanza wengi bado hawajaripoti.

Kila mwalimu apime watoto 40. Mtoto mmoja huchukua dakika tatu hadi tano, kwa hiyo alasiri mbili zinatosha. Walimu wabadilishane madarasa, kwa kuwa mwalimu akimpima mtoto wake humsaidia bila kujua, kwa jicho au kwa kutamka mwanzo wa neno.

Karatasi ya kipimo iwe na sehemu nne. Huu ni mfano:

Silabi: ma, ko, ti, sha, nye, bu, le, ndi, go, ka.

Maneno: maji, kuku, samaki, mlango, shamba, njia, kiatu, mwezi, chakula, ndizi.

Aya: Wafula ana mbuzi. Mbuzi wake ni mweupe. Mbuzi anapenda majani. Jioni Wafula humfunga kwenye mti.

Hadithi: Atieno anaishi karibu na ziwa. Kila asubuhi mama yake huenda ufuoni kununua omena. Siku moja mvua kubwa ilinyesha na omena ikalowa kabla ya kukauka. Mama alihuzunika. Jua lilipotoka, Atieno alichukua wavu mkuukuu, akautandaza juu ya mawe, akaianika omena upya. Jioni ilikuwa imekauka, na mama akaipeleka sokoni. (Maswali: Kwa nini mama alihuzunika? Atieno alifanya nini?)

Anza na aya. Akiisoma kwa mtiririko na makosa yasiyozidi matatu, mpe hadithi. Akiisoma hadithi na kujibu maswali yote mawili, mwandike hadithi. Akishindwa hapo, mwandike aya.

Aya ikimshinda, shuka kwenye maneno. Achague yoyote matano, na akipata manne, mwandike maneno. Asipoyapata, shuka kwenye silabi: nne kati ya tano ni silabi. Chini ya hapo mwandike mwanzo.

Kuna mambo ya kuangalia kwa makini hapa.

Lafudhi si kosa la kusoma. Dholuo haina sauti ya sh, z wala v, kwa hiyo mtoto wa Ahero akiona shamba na kutamka samba, amesoma. Mtoto anayezungumza Kikalenjin anaweza kuchanganya b na p, d na t, g na k. Mwenye Kikuyu anaweza kubadilisha l na r. Ukihesabu hayo kuwa makosa, utamtupa mtoto hatua mbili chini ya anapostahili, naye atachoka na kukata tamaa. Kama huna hakika, muulize maana ya neno. Akisema samba ni mahali pa kupanda mahindi, mpe alama yake.

Mtoto anayesoma aya yote huku macho yake yakiwa dirishani ameikariri kwa kuwasikia wenzake mlangoni. Mpe toleo la pili.

Mtoto anayeleta karatasi karibu na pua, au anayekugeuzia sikio moja kila unapouliza, mwandike pembeni. Huenda hahitaji silabi hata kidogo. Mzazi aelekezwe zahanati au hospitali ya kaunti ndogo kwa uchunguzi wa macho au masikio.

Pima nje, chini ya mti au barazani, mbali na masikio ya wengine. Usitaje matokeo mbele ya mtoto, wala usimwambie ameshindwa. Mwambie asante, aende.

Hatua imefaulu ikiwa una orodha moja ya shule nzima, kila jina na neno moja mbele yake: mwanzo, silabi, maneno, aya au hadithi. Usishangae ukikuta watoto wa gredi ya sita kwenye mwanzo. Pia usiitumie orodha hiyo kumlaumu mwalimu yeyote. Siku utakapofanya hivyo, kipimo kinachofuata kitakuwa cha uongo.

Hatua ya 3: Panga makundi, na umpe kundi la chini mwalimu bora

Panga makundi ya aina tatu: mwanzo na silabi pamoja, maneno, kisha aya na hadithi pamoja. Kundi la chini lisizidi watoto 30 au 35. La maneno linaweza kufika 40. La aya na hadithi linaweza kubeba hata 60, kwa kuwa hao wanaweza kusomeana wenyewe.

Walimu huuliza kama kuwatenga watoto kwa uwezo hakutawadidimiza wa chini. Swali hilo lilijaribiwa hapa hapa magharibi mwa Kenya kuanzia mwaka 2005, katika shule 121 zilizogawa darasa la kwanza kuwa madarasa mawili. Baadhi ziligawa kwa alama, nyingine bila kufuata uwezo. Baada ya miezi 18, watoto wa shule zilizogawa kwa alama walikuwa mbele, wa kundi la juu na wa kundi la chini vile vile. Mwalimu aliweza kulenga mahali watoto walipo.

Lakini utafiti huo una onyo ndani yake. Walimu wa serikali waliopewa kundi la juu walionekana darasani na kufundisha zaidi. Kundi la chini halikumvuta mwalimu kwa njia hiyo. Ni jambo la kibinadamu, kwa kuwa watoto wanaojibu haraka wanapendeza kufundisha. Ndiyo sababu mwalimu mkuu hawezi kuacha walimu wachague makundi wenyewe. Mwalimu mwenye subira kubwa zaidi, hata kama ni naibu mkuu, aende chini. Mwalimu mwanafunzi aliyekuja kwa mazoezi ya miezi mitatu apewe aya na hadithi.

Walimu wa BOM, yaani walioajiriwa na bodi ya shule, wanaweza kufundisha kundi lolote wakipata mafunzo ya siku mbili shuleni. Vijana wa kujitolea waliomaliza kidato cha nne wanafaa kama wasaidizi, kwa masharti: mwalimu mkuu awajue kwao, wawe na cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, na wasibaki peke yao na mtoto nyuma ya mlango uliofungwa. Sharti la mwisho halina msamaha.

Kuhusu majina ya makundi: usiseme A, B, C, wala kundi la kwanza na la mwisho. Wape majina ya maziwa yetu, Kanyaboli, Simbi, Naivasha, Elmenteita, bila mpangilio wa daraja. Mvulana wa miaka 13 atakubali kuwa Simbi. Hatakubali kuwa E.

Na kama una watoto wakubwa kumi au zaidi walio kwenye mwanzo, watengee kundi lao. Msichana wa gredi ya sita akiketi kati ya watoto wa gredi ya tatu kuimba ma me mi mo mu, kesho atasema anaumwa na tumbo. Anahitaji silabi zile zile, ila maneno ya kusomea yawe ya umri wake: maandishi ya matatu, pakiti ya mbegu, ujumbe wa M-Pesa, tangazo la kliniki.

Hatua ya 4: Fundisha kundi la mwanzo na silabi

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo inapoharibika. Fuata mgawanyo huu wa saa kila siku bila kubadilisha, kwa kuwa watoto hawa hutulia wanapojua kinachofuata.

Dakika 10: mazungumzo

Chagua jambo wanalolijua: mafuriko ya Nyando, kuchuna majani chai, mechi ya jana, kupika nyoyo (mahindi na maharagwe). Waache waseme, hata kwa Dholuo, Kiluhya au Kikalenjin, kisha mseme pamoja kwa Kiswahili. Andika ubaoni sentensi mbili walizosema wenyewe na uzisome ukifuata kwa kidole.

Sehemu hii huachwa ya kwanza walimu wanapobanwa na muda. Usiiache. Mtoto anayesoma samaki bila kujua kuwa ni rech, kama anavyoitwa kwa Dholuo, anatoa sauti tu. Nakuru mjini, ambako wengi wanacheza kwa Kiswahili na Sheng, dakika hizi ndizo za kuunganisha Kiswahili cha mtaani na cha kitabuni.

Dakika 20: chati ya silabi

Chati ina irabu tano juu na konsonanti pembeni. Fundisha safu mbili kwa siku, na Ijumaa iwe ya marudio tu. Mpangilio tunaoupendekeza:

Kwanza m, k, t, l, n, b, s, p. Hizi zinaunda maneno mengi ya kila siku. Kwa nne za mwanzo pekee watoto wanapata mama, kuku, kiti, lala, kula, kata, moto, tamu, meli.

Kisha d, w, y, j, h, g, f, r, z, v.

Halafu zenye herufi mbili: sh, ch, ny, ng', th, dh, gh.

Mwisho miunganiko: mb, nd, nj, ng, mw, kw, bw, sw.

Usifuate alfabeti. B, ch, d zikija kwanza, mtoto anapata maneno machache tu ya kuunda.

Soma safu pamoja nao kwa upana, kisha kwa wima, kisha gusa popote kwa fimbo na wajibu. Huku kugusa popote ndiko kunakofundisha. Kosa kubwa zaidi la kundi hili ni chati kugeuka wimbo: darasa zima linaimba ka ke ki ko ku kwa sauti tamu, mgeni anafurahi, lakini ukigusa ko pekee hakuna anayeijua. Ukisikia mdundo, simama. Funika nusu ya chati kwa gazeti, anza kutoka chini, muulize mmoja mmoja.

Jihadhari na m inayosimama peke yake. Katika mti, mto, mkate na mkeka, m ni silabi kamili isiyo na irabu, na chati haionyeshi hivyo. Mtoto aliyefundishwa ma me mi mo mu ataisoma muti, hasa yule ambaye lugha ya nyumbani inasema hivyo. Baada ya safu ya t, tenga siku nzima kwa m hii, tengeneza kipande cha m peke yake, na wapige kofi moja kwa m na moja kwa ti.

Dakika 15: vipande

Watoto watano watano chini, vipande vimetawanywa. Taja neno, walijenge. Kisha wajenge yao wenyewe na kuyasoma kwa sauti. Neno lisilo na maana, kama keta, wasilitupe bila kulisoma. Wasome, wacheke, wabadilishe silabi moja liwe kata au keti.

Pita kila kikundi ukimwangalia aliye kimya. Katika kila watano kuna mmoja anayejenga na wanne wanaotazama. Dawa ni kanuni moja: kila neno linajengwa na mtoto mwingine, kwa zamu, na wengine wanasaidia kwa mdomo, mikono nyuma.

Dakika 15: kuandika

Kila mtoto aandike silabi na maneno ya siku hiyo, kwa chaki sakafuni kwanza, daftarini baadaye. Sakafu haina gharama, kosa linafutwa kwa kiganja, na wewe unaona kazi ya watoto 30 ukiwa umesimama. Imla ya maneno matano inafunga saa.

Usimpige wala kumfedhehesha mtoto anayekosea. Kiboko kimekatazwa na sheria ile ile ya 2013, na mtoto anayeogopa hatabahatisha, ilhali asiyebahatisha hawezi kusoma neno geni.

Hatua imefaulu ikiwa, kufikia siku ya 10, watoto wengi wanataja silabi yoyote ya safu za mwanzo ukiigusa bila mpangilio, na kufikia siku ya 20 wanasoma neno la silabi mbili wasilowahi kufundishwa. Mtihani mzuri ni neno geni. Ukitumia yale ya kila siku hujui kama anasoma au anakumbuka.

Hatua ya 5: Kundi la maneno

Hawa wanajua silabi lakini wanasoma sa-ma-ki na kukomea hapo. Wanahitaji kasi na sentensi.

Kila siku wasome aya moja mara tatu: mwalimu anasoma wao wakifuata kwa kidole, kisha wote pamoja, kisha wawili wawili. Halafu wachague maneno matatu magumu, wayavunje kwa silabi, wayaunganishe tena, na wayaweke kwenye sentensi zao.

Kikwazo cha kawaida ni maneno marefu ya vitenzi. Wanakimbia, hatukumwona, amenipikia: mtoto anafika katikati na kusahau alikoanzia. Waonyeshe kwamba vipande vya mwanzo vinajirudia. Andika wana-, tuna-, mna- kwenye vipande virefu na mzizi kwenye kipande kingine, wabadilishane. Siku nne za mchezo huo huondoa mkwamo mkubwa.

Kufaulu: anasoma aya mpya ya sentensi nne bila kukata kila silabi na kusimulia ilihusu nini.

Hatua ya 6: Kundi la aya na hadithi

Hili lisikuchukulie nguvu nyingi. Wapeni hadithi, wasome wawili wawili, waandike mwisho tofauti, waulizane maswali. Maswali yaanze na kwa nini, yale ya nani na wapi yanajibika hata bila kuelewa. Hadithi walizoandika vizuri ziwekwe pamoja, maana ndizo zitakazosomwa na kundi la maneno mwezi ujao.

Hatua ya 7: Pima tena baada ya siku 20, na uwahamishe

Tumia toleo la pili la kipimo, kwa njia ile ile. Aliyepanda ahame siku hiyo hiyo, asisubiri mwisho wa muhula. Mtoto anayebaki kwenye kundi alilolipita hujifunza uvivu, na kundi la chini likibaki na watu 35 badala ya 20, wale waliokwama hawatapata zamu.

Kama chini ya robo ya kundi la chini wamepanda, usilaumu watoto. Kaa nyuma ya darasa siku mbili uangalie. Mara nyingi utakuta moja kati ya haya matatu: saa imepungua hadi dakika 35 kwa sababu ya mkusanyiko na usafi, chati inaimbwa, au mwalimu anaitwa ofisini kila wiki. Rekebisha hilo kwanza kabla ya kubadilisha mbinu.

Mtoto ambaye hajasogea hata hatua moja baada ya siku 40, huku akihudhuria, anahitaji kuangaliwa kwa ukaribu: macho, masikio, au ulemavu wa kujifunza. Muulize afisa wa elimu kuhusu kituo cha tathmini cha watoto wenye mahitaji maalum kilicho karibu.

Hatua ya 8: Watoro na wazazi

Weka alama ya mahudhurio ya saa hii peke yake, si ya asubuhi. Mtoto anaweza kuwepo kwenye rejista ya saa mbili na kutoweka saa tano.

Kukosa siku tatu katika wiki moja kunahitaji mtu kwenda nyumbani au kumpigia mzazi. Sababu zinatabirika: siku ya soko, kulea mdogo, msimu wa kukata miwa Mumias au Muhoroni, malaria, funza, maji ya mafuriko yaliyofunga njia. Mvua ndefu za Machi hadi Mei huangukia mwisho wa muhula wa kwanza na mwanzo wa wa pili, kwa hiyo katika tambarare za Nyando duru ya kwanza ianze mapema Februari.

Kwenye mkutano wa wazazi usibandike majina na viwango. Mwite mzazi mmoja mmoja, mtoto asome mbele yake anachoweza. Mama asiyejua kusoma ana kazi yake pia: mtoto amsomee dakika kumi jioni, kisha amuulize, imesema nini? Asipoelewa jibu, mtoto arudie. Swali hilo halihitaji cheti, na taa ya simu inatosha.

Hatua ya 9: Kufunga muhula

Kazi nyingi hufia hapa, kwa kuwa Januari walimu wanahamishwa na daftari linapotea kabatini. Siku ya mwisho, kila mwalimu wa kundi ajaze mstari mmoja kwa kila mtoto: alipoanza, alipo sasa, safu ya mwisho ya chati aliyoishika, siku alizokosa, na neno la macho au masikio kama lipo.

Daftari linakiliwe mara mbili. Nakala moja ibaki kwa mwalimu mkuu, ya pili ikabidhiwe mwalimu atakayepokea kundi, atie sahihi na tarehe. Vipande vihesabiwe, vinavyokosekana vikatwe upya, bahasha zifungwe na kuandikwa idadi juu. Watoto waliobaki chini ya maneno waanze duru mpya wiki ya pili ya muhula unaofuata, kwa saa ile ile.